Aliyepotea Ana Ukoo: Namna ya Kuiandaa Familia kwa Kipimo cha Vinasaba

Chukua daftari gumu, kalamu ya wino na bahasha kadhaa za kaki. Maabara itakuja baadaye.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii Iringa na kisha Mbeya hadi nilipostaafu, na siku hizi familia zenye mtu aliyepotea hunifuata nyumbani Uyole niwasaidie kuandika ukoo wao. Huku Nyanda za Juu watu hupotea kwa njia nyingi. Kijana wa Njombe anakwenda Chunya kuchimba dhahabu, huko anajulikana kwa jina la utani tu, na shimo likiporomoka wenzake hawajui hata kwao ni wapi. Kibarua anaingia kwenye mashamba ya chai au msitu wa Sao Hill kwa msimu mmoja na habari zake zinakatika. Mwingine alivuka Tunduma akisema atapiga simu akifika. Na wazee wa Rungwe bado wanawataja waliochukuliwa na Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodini, kwenda migodi ya Afrika Kusini kabla ya uhuru, wakalowea huko, makaburi yao hayajulikani. Wakati familia inasubiri, kwingine kuna mwili mochwari, au mifupa iliyokutwa na mchunga ng'ombe, na halmashauri inazika bila jina.

Vinasaba, yaani DNA, vinaweza kuwakutanisha hawa wawili, lakini kwa sharti moja: awepo ndugu wa kulinganishwa, na ijulikane ni ndugu kwa njia ipi. Sehemu hiyo ya pili hakuna maabara itakayoifanya kwa niaba yenu.

Kwanza elewa kipimo chenyewe

Kipimo kinachojulikana zaidi kwetu, kile cha kesi za matunzo ya mtoto, husoma sehemu chache tu za vinasaba, ishirini hivi, ambazo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Kwa mzazi na mtoto kinatoa jibu zito. Kwa ndugu wa tumbo moja kinasaidia pia. Kikifika kwa mjukuu wa shangazi, hakina la kusema.

Kipo kipimo kingine kinachosoma alama laki kadhaa kwa mpigo, kisha kinapima urefu wa vipande ambavyo watu wawili wamevirithi kutoka kwa mzee mmoja. Hicho kinamgundua ndugu wa mbali ambaye hata hamjawahi kuonana. Ndicho kilichofungua kesi moja ya mauaji ya California, Marekani. Polisi walikuwa na vinasaba vya mtu aliyeua watu 13 na kubaka wanawake zaidi ya 50 katika miaka ya 1970 na 1980, ila hawakuwa na jina, kwa sababu vinasaba vyake havikuwamo katika kumbukumbu zao za wahalifu. Wakayapandisha matokeo kwenye GEDmatch, tovuti ambayo watu wa kawaida huweka matokeo yao wakitafuta ndugu. Ndugu waliopatikana walikuwa wa mbali mno. Kikundi chao, akiwemo Barbara Rae-Venter, wakili mstaafu aliyejifunza kazi ya nasaba, kilipanda kizazi kwa kizazi hadi kwa mababu wa pamoja, kisha kikashuka kwa kila mtoto, kila mjukuu, kila kitukuu, kikiangalia nani alikuwa mwanamume wa umri ule aliyeishi maeneo yale. Walipobaki na jina, polisi hawakulibeba mahakamani hivi hivi. Walichukua vinasaba kwenye kitasa cha gari lake na kwenye taka alizotupa, vikalingana na vile vya matukio. Joseph James DeAngelo, aliyewahi kuwa polisi mwenyewe, alikamatwa tarehe 24 Aprili 2018, na mwaka 2020 akakiri.

Panda hadi kwa babu wa pamoja, shuka kwa kila tawi, kisha thibitisha kwa sampuli ya mtu mwenyewe. Njia ni hiyo hiyo hata kama unatafuta jina la marehemu badala ya muuaji.

Tofauti yetu na California ni kwamba hazina za vinasaba kama GEDmatch zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Mfupa uliookotwa Makongolosi ukilinganishwa na watu hao hautapata mjomba. Wakati wenzetu wanatafuta ndugu kwenye kompyuta, sisi lazima ndugu wenyewe wajitokeze. Kwa hiyo daftari lako ndilo hazina, na ndiyo maana ninalisisitiza kuliko kitu kingine chochote.

Siku za mwanzo

Nenda kituo cha polisi, toa taarifa, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ninajua watu huona aibu, au wanasema "atarudi, ni mtu mzima." Andikisha hivyo hivyo. Hapa Tanzania vinasaba vinasimamiwa na sheria ya mwaka 2009, na kipimo kinafanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya kanda hapa Mbeya. Ombi linapita kwenye vyombo kama polisi, mahakama au ustawi wa jamii. Huingii mlangoni na mfupa mkononi ukaomba kupimiwa. Bila RB huna pa kuanzia. Mjulishe pia mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata, kwa sababu mwili ukiokotwa wao ndio huitwa mapema.

Kisha funga chumba chake kabla mtu hajafanya usafi. Unatafuta mswaki, kitana, wembe, kofia, shati la ndani ambalo halijafuliwa. Usivishike kwa mikono mitupu. Weka kila kimoja kwenye bahasha yake ya kaki, kikiwa kikavu kabisa, na uandike ni cha nani, kilitoka wapi, nani alikichukua na tarehe. Usitumie mfuko wa nailoni, maana unyevu unafungiwa ndani, ukungu unaota na vinasaba vinaoza. Uliza kwa uaminifu kama mswaki ule ulitumiwa na mtu mmoja; bwenini na kwenye kambi za vibarua jibu si la kudhania. Kama aliwahi kufanyiwa upasuaji na kinyama kikapelekwa kuchunguzwa, andika hospitali na mwaka, kwa kuwa maabara za hospitali huweza kuwa bado zimetunza kipande hicho.

Daftari la ukoo

Hapa usiharakishe. Nenda kwa wakongwe kwanza, na uende na mtu mmoja anayeheshimika katika familia, maana bibi wa miaka themanini hatamweleza mgeni ni nani alizaa na nani. Msibani, siku ya kuanua matanga, ukoo unakuwa umekusanyika wote, na wazee wenyewe wanaanza kuhesabu waliotangulia. Shikamoo zikiisha, kaa karibu na uandike.

Maswali yako yasiwe "huyu ni nani wako?" Ukiuliza hivyo utaambiwa ni baba, kumbe ni baba mdogo, utaambiwa ni kaka, kumbe ni mtoto wa mama mkubwa, utaambiwa ni babu, kumbe ni mdogo wake babu. Heshima ni nzuri, lakini kipimo hakiijui. Uliza: alizaliwa na nani, tumboni kwa nani? Kwa kila mtu andika baba mzazi, mama mzazi, majina yote aliyowahi kutumia, kijiji alichozaliwa, mwaka hata kama ni wa kukadiria kwa tukio, alikwenda wapi, yuko hai au alifariki.

Andika mama wote. Huku kwetu mtu anaweza kukutajia baba, babu, baba wa babu hadi vizazi sita, ukimwuliza mama wa babu anabaki kimya. Lakini nusu ya ndugu zako wa damu wanapitia kwa hao wanawake. Tena vipo vinasaba vya mitokondria ambavyo mtu hurithi kwa mama peke yake, na hudumu kwenye mifupa mikuukuu na unywele usio na mzizi wakati vingine vimeharibika. Aliyepotea, mama yake, mama mkubwa, mama mdogo na watoto wa kina mama hao wanavyo vile vile. Kwa upande wa wanaume, kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, ikifuatana na jina la ukoo. Ila usilitegemee jina peke yake. Wakina Sanga wamejaa kutoka Makete hadi Dar es Salaam, na kuitwa Sanga wote wawili hakuwafanyi kuwa wa babu mmoja wa karibu. Uheheni ongeza mzilo, yaani kile ambacho ukoo hauli. Mara kadhaa mzilo umenionyesha kwamba nyumba mbili zenye jina moja ni koo tofauti.

Sasa namba za kile kipimo cha alama laki kadhaa. Urefu wa vipande vinavyoshirikiwa hupimwa kwa sentimogani. Mzazi na mtoto hushiriki takribani 3,500. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kama 2,600. Ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali, karibu 1,750, sawa na shangazi na mtoto wa kaka yake au babu na mjukuu. Wanaoshiriki babu na bibi, kama 870. Wanaoshiriki wazazi wa babu, kama 230. Wanaoshiriki babu wa babu, kama 70, na kati ya jozi kumi za namna hiyo, moja hivi huonekana kana kwamba si ndugu kabisa. Hizi ni wastani; kila moja ina wigo mpana juu na chini.

Wastani huo umepatikana zaidi kwa familia za mke mmoja. Kwetu unapinda. Mzee mwenye wake watatu ana wajukuu wanaoshiriki babu tu bila bibi, kwa hiyo hawafiki 870 bali kama 450. Mtaalamu asiyejua atadhani amempata mtoto wa binamu, ataanza kutafuta kizazi kisicho chake, na atapotea. Mjane akirithiwa na mdogo wa marehemu, watoto wake wa ndoa ya kwanza na ya pili ni wa mama mmoja na baba zao ni ndugu. Namba yao huangukia katikati ya nusu-ndugu na ndugu kamili. Kaka wawili wakioa dada wawili, watoto wao hupimwa kama nusu-ndugu ingawa hawana mzazi mmoja wa pamoja. Na kijiji ambacho familia mbili zimeoana vizazi vitatu, kila mtu anaonekana wa karibu kuliko alivyo. Yote haya yaandike wazi: nyumba kubwa, nyumba ndogo, kurithiwa, kuoana kwa ndugu. Chora mstari mmoja kwa mke wa kwanza, mwingine kwa wa pili. Mtoto wa kulelewa mwekee alama ya pekee. Ni ndugu kwa haki zote, ila sampuli yake haitasaidia.

Nani atoe sampuli

Ukiwa na baba na mama wote wawili, huhitaji mtu mwingine. Mmoja akiwa amefariki, ongeza ndugu wa tumbo moja. Mtoto wa aliyepotea ana thamani sawa na mzazi, na mama wa mtoto huyo naye akitoa, maabara inaondoa nusu yake na kubakiwa na nusu ya baba. Baada ya hao ndipo nusu-ndugu, baba wadogo, mashangazi. Ikiwa wazee ni wagonjwa, waanze wao. Omba polisi au ustawi wa jamii mapema, kabla hata mwili haujapatikana, kwa kuwa bibi akizikwa, kizazi kizima cha ushahidi kinaondoka naye.

Kutoa ni kusugua pamba ndani ya shavu. Nusu saa kabla, asile, asivute, asiweke ugoro mdomoni, na kama ni msimu wa ulanzi, asubiri. Asukutue kwa maji safi. Asiyefahamu kusoma asomewe fomu kwa lugha anayoielewa, Kihehe, Kinyakyusa au Kisafwa, kabla ya kuweka dole gumba.

Ukifika mochwari

Uliza swali moja kabla ya yote: sampuli imeshachukuliwa, au mwili umeshadungwa dawa? Formalini huuhifadhi mwili usiharibike, lakini huharibu vinasaba. Sampuli itangulie. Baada ya ajali ya lori la mafuta Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, miili iliyoungua kiasi cha kutotambulika ilichukuliwa sampuli kabla ya mazishi, na hivyo ndivyo inavyopasa hata kwa mwili mmoja wa mtu asiye na mwenyewe.

Ikiwa ni mifupa, inayofaa zaidi ni magego, mfupa wa paja, na ule mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani. Waombe wasiichemshe wala kuisugua. Baridi yetu ya Makete na Mufindi inasaidia kutunza vinasaba. Mvua na udongo wenye asidi wa Rungwe unakula mfupa haraka. Kwa hiyo ukiambiwa "tutafukua kiangazi," sisitiza leo. Kama halmashauri imeshazika, omba namba ya jalada, tarehe na mahali hasa pa kaburi, upige picha ukionyesha mti au jengo la karibu. Kufukua kunahitaji amri ya mamlaka husika. Usimruhusu mjomba yeyote aende na jembe usiku.

Kufanana hakutoshi

Watu wa Iringa mnaijua Kalenga, linakotunzwa fuvu la Mkwawa. Mtwa Mkwawa alifariki mwaka 1898, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaagiza kirudishwe. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipoingia makumbusho ya Bremen, alikuta mafuvu mengi na akachagua kwa kulinganisha vipimo vyake na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Fuvu alilolichagua likarudishwa mwaka 1954. Hicho ndicho kipimo kilichokuwepo wakati ule, na wazo lake lilikuwa sahihi, kumtafuta marehemu kupitia walio hai. Lakini umbo la kichwa watu wengi hufanana. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba imelinganisha vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki na vya wazawa wa Kilimanjaro, na moja likatambulika kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Moshi aliyenyongwa mwaka 1900. Zaidi ya karne moja baadaye, ikathibitishwa fuvu ni la nani kwa sababu wajukuu walijulikana na walikubali kupimwa.

Basi ukiitwa kutambua mwili, usiseme "ndiye" kwa sababu ya shati au pengo la jino. Sema "anafanana," na uombe kipimo. Nimeona familia ikizika, ikamaliza arobaini, na yule waliyemlilia akarudi kwa miguu yake. Na maana yake ni kwamba familia nyingine bado inamtafuta mtu aliyelala kwenye kaburi lile.

Siri na tuhuma

Kipimo kinaweza kuonyesha kwamba mtoto si wa baba anayemwita baba. Kabla ya kuchukua sampuli, ongea na kila mtu faraghani, hasa kina mama wazee, na waeleze kwamba matokeo yanarudi kwa polisi na maabara kwa ajili ya kumtambua marehemu, hayasomwi barazani. Mwenye kukataa asilazimishwe. Tafuta ndugu mwingine kwenye daftari.

Na kama kuna mauaji, mipaka ni mikali zaidi. Usichukue kikombe cha jirani kwa siri. Usitaje ukoo wa mtu kijijini kwa sababu vinasaba vimeelekea upande wao. Kulingana kwa ndugu wa mbali kunaelekeza upelelezi. Hakumhukumu mtu, na ukoo mmoja una mamia ya watu wasio na hatia. Huko Marekani kwenyewe, GEDmatch mwaka 2019 iliweka utaratibu kwamba polisi waone matokeo ya wale tu waliokubali, na Wizara ya Sheria ikatoa mwongozo kwamba njia hii itumike kwa makosa mazito na kwa kutambua miili, tena baada ya njia za kawaida kushindikana. Sisi tunajua jinsi wananchi wenye hasira kali wanavyochoma nyumba kwa uvumi. Mpelekee mpelelezi wa kesi, ukae kimya.

Kutunza

Toa nakala mbili za daftari, moja ikae kwa ndugu aliye mkoa mwingine. Kila anayezaliwa na anayefariki aongezwe. Andika namba ya RB ukurasa wa mbele, pamoja na majina ya waliotoa sampuli na tarehe.

Mwaka 1981 msichana asiye na jina alikutwa ameuawa kando ya barabara huko Ohio, Marekani. Mwaka 2018 shirika la kujitolea la DNA Doe Project, kwa kumpata ndugu mmoja wa karibu kwenye GEDmatch, lilimtambua kuwa ni Marcia King. Mama yake alikuwa bado hai, na miaka yote hiyo hakuhama wala kubadilisha namba ya simu, ili binti yake akitaka kurudi asipotee njia. Wewe laini yako ikifungwa au simu ikiibiwa, rudi kituoni na RB yako wiki hiyo hiyo, na mwombe askari aandike namba mpya kwenye jalada mbele yako.